Mkristu wa Kweli na Kopo la Mchele

Mwalimu akiuliza katika fundisho: «Mkristu ni nani?» watoto wote wanainua mikono. Wanajibu upesi: ni mtu aliyebatizwa, anayemsadiki Yezu Kristu na kushika mafundisho yake. Jibu hili ni sawa. Lakini mwalimu akiuliza tena: «Na siku ya Jumanne, huko sokoni, mkristu anatambulikana kwa nini?» mikono inashuka.

Siku ya Mungu si vigumu kumtambua. Amevaa nguo safi, ana rozari mkononi, anaimba kwa sauti kubwa, anapiga magoti pamoja na wenzake. Lakini hata mwizi anaweza kupiga magoti. Tena Misa ni ya saa moja tu, labda mbili kama padri anapenda sana kuhubiri. Saa nyingine zote za juma mkristu yuko shambani, kazini, shuleni, njiani, nyumbani. Twende tumtafute huko.

Tuanze sokoni. Ninyi mnajua kwamba mchele, maharagwe na unga vinapimwa kwa kopo. Mtasema: kopo ni kopo. Sivyo. Muuzaji mmoja anatwaa jiwe, anapiga kitako cha kopo mpaka kinaingia ndani. Ukilitazama kwa juu huoni neno. Mwingine anaweka kipande cha karatasi ngumu chini. Mwingine hana haja ya jiwe wala karatasi: anashika kopo kwa kuingiza vidole vyake vinne ndani, na vidole vinapimwa pamoja na mchele, kisha vinarudi kwa mwenyewe. Mnunuzi amelipa kopo zima. Nyumbani mama anapika, sufuria haijai. Anamtazama mtoto aliyetumwa: «Umekula mchele njiani?» Basi mtoto anapigwa kwa kosa la kopo.

Mtu atasema: ni kiganja kimoja tu, ni dhambi gani? Haya, tuhesabu. Muuzaji akipima kopo 50 kwa siku, jioni ameiba viganja 50. Na ameviiba kwa nani? Tajiri hanunui kwa kopo, ananunua kwa gunia. Anayenunua kwa kopo ni mjane, ni mwenye watoto wengi, ni mtu aliyepata franka zake leo asubuhi tu. Kopo lililobonyezwa linaiba kwa maskini peke yao.

Wizi huu ni wa zamani sana. Zaidi ya miaka 2700 iliyopita, katika nchi ya Israeli, alikuwako mchungaji mmoja, jina lake Amosi, mtu wa kijiji cha Tekoa. Mungu alimtoa nyuma ya mifugo akamfanya nabii. Amosi aliwakaripia wachuuzi wa siku zile. Walishika sikukuu, ndiyo, lakini mioyo yao ilikuwa kwenye ghala: sikukuu itakwisha lini, tupate kuuza? Walipunguza kipimo, wakaongeza bei, wakadanganya kwa mizani, na hata takataka za ngano waliziuza kwa maskini kama chakula. Msisahau takataka hizo za ngano. Tutazikuta tena mbele, katika mji wa Goma.

Angalieni sasa Yoane Mbatizaji. Watu wengi walimwendea mtoni Yordani, na kati yao watoza kodi na askari. Wakamwuliza: na sisi tufanye nini? Tungaliweza kufikiri kwamba atawajibu: acheni kazi yenu mbaya, njoni tukae jangwani, tule nzige pamoja. Yoane hakusema hivi. Watoza kodi aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Askari aliwaambia wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao. Kila mtu alirudishwa kwenye kazi yake, kwenye meza yake, penye fedha. Hapo ndipo ubatizo wake ungeonekana kama ni kweli au ni maji tu.

Katika nchi yetu tuna neno matabishi. Mama anayeuza maharagwe, akiisha kupima, anaongeza kiganja kimoja juu kwa furaha: hayo ni matabishi, ni jambo zuri, anatoa chake mwenyewe. Lakini karani anayekataa kupiga muhuri mpaka apewe «matabishi», huyu hatoi chake, anauza kazi ambayo amekwisha lipwa kuifanya. Jina ni moja, mambo ni mawili. Na huko Kinshasa, kwa Kilingala, rushwa ina jina lingine tamu: wanaiita madesu ya bana, maana yake maharagwe ya watoto. Nani atamnyima mtu maharagwe ya watoto wake? Dhambi hupenda kuvaa nguo za huruma.

Tuseme kweli: wako wafanyakazi wengi wanaokaa miezi bila mshahara, na njaa si mchezo. Mtu aliyeshiba asiwahukumu haraka. Lakini watoto wa karani si watoto peke yao katika nchi. Sikilizeni habari ya kijana mmoja aliyeambiwa achague kati ya fedha na watoto wa watu wengine.

Jina lake Floribert Bwana Chui. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981 katika Goma, mji ulio pwani ya ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto Nyiragongo, karibu kabisa na mpaka wa Rwanda. Alisoma sheria. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio pamoja na vijana wengine. Walisali, kisha walikwenda kuwatafuta watoto wa barabarani, wale wanaolala nje na kuitwa wezi na kila mtu, wakawafundisha kusoma katika shule yao, Shule ya Amani. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali iitwayo Office Congolais de Contrôle. Kazi ya ofisi hiyo ni kukagua bidhaa zinazoingia katika nchi: kama ni nzuri zipite, kama zimeharibika zisipite.

Mwaka 2007, mchele ulioharibika ulifika mpakani. Wenye mchele walitaka upite. Walimtolea Floribert fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena.

Hapa lazima tueleze kidogo mambo ya chakula, kwa maana wengine watasema: mchele mbovu si kitu, tunaosha, tunaanika, tunapika. Gunia likinyeshewa na mvua, au likikaa siku nyingi mahali penye unyevu, nafaka inaota kuvu. Ziko kuvu zinazotoa sumu. Sumu moja ya namna hii inaitwa aflatoksini. Inapatikana hasa katika mahindi na karanga, lakini katika mchele pia. Huwezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi. Jua linaweza kukausha kuvu, na mkono unaweza kuifuta, lakini sumu iliyokwisha ingia katika punje inabaki. Hata moto wa jikoni hauiondoi. Inaharibu maini, pengine polepole, kwa muda wa miaka mingi, hata mgonjwa hakumbuki tena alikula nini. Mtu mwovu anaweza kuuanika mchele kama huo, kuuchanganya na mzuri, kuutia katika magunia mapya, na sokoni utapimwa kwa kopo kama mwingine. Mwenye kununua atajuaje? Hana namna. Kwa hiyo anawekwa mtu mpakani, awe macho yake.

Floribert hakuwa mganga. Akamwendea mtawa mmoja aliye daktari, akamwuliza kama mchele ule unaweza kuwadhuru watu. Alimweleza pia habari ya fedha aliyotolewa, na jinsi alivyoona: mtu anayetaka kuishi katika Kristu hawezi kuipokea fedha ile na kuacha watu wale sumu. Angalieni, watoto, hakutosheka na kusali tu. Aliuliza anayejua. Moyo mwema bila kuuliza unaweza kukosa njia.

Mchele haukupita.

Siku ya Posho, tarehe 7 Julai 2007, watu walimkamata Floribert mjini Goma. Walimtesa, na usiku wa kuamkia tarehe 8 wakamwua. Maiti yake ilionekana siku ya kwanza ya juma. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Watu wengine waliuliza: huyu ni mfiadini namna gani? Wafiadini wengi wa zamani waliambiwa wamkane Kristu, wakakataa, wakauawa. Floribert hakuambiwa amkane Kristu. Aliambiwa apige muhuri tu. Ni swali zuri, na jibu lake liko kwa Yoane yule yule wa Yordani. Mfalme Herode hakumwambia Yoane amkane Mungu. Alimwua kwa sababu Yoane alisema kwamba si halali kumtwaa mke wa ndugu yake. Na Eklezya inamheshimu Yoane kama mfiadini tangu zamani. Anayekufa kwa sababu hakukubali kutenda dhambi aliyokatazwa na imani yake, anakufa kwa ajili ya imani. Basi, tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipowasemesha vijana katika uwanja wa Wafiadini huko Kinshasa, aliwapa Floribert kuwa mfano. Mwaka 2024 alikubali kwamba ni mfiadini kweli. Na tarehe 15 Juni 2025, katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo huko Roma, Floribert alitangazwa Mwenye Heri.

Wenye Heri wengine wa nchi yetu tunawajua: Isidori Bakanja, mfanyakazi aliyekufa mwaka 1909 kwa vidonda vya mapigo kwa sababu alivaa skapulari ya Bikira Maria, na Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Wote wawili wana alama inayoonekana mbali, skapulari au vazi la kitawa. Floribert alivaa shati na suruali kama makarani wote wa mpakani. Ungalipita karibu naye usingalijua neno. Kwangu mimi hilo lafaa sana kwa watoto wa shule, kwa sababu wengi wenu hamtakuwa watawa. Mtakuwa wachuuzi, madereva, waalimu, wauguzi, askari, makarani.

Na leo? Leo mko shuleni. Mtihani unaandikwa, jirani yako ameacha karatasi yake wazi. Mama amekutuma kununua sukari, muuzaji amekosa hesabu, amekurudishia franka nyingi kupita haki. Mbuzi wa baba yako ameingia katika mihogo ya mjane, na hakuna aliyeona ila wewe. Umekwisha twaa kitu cha mtu? Kumwambia Mungu «nisamehe» ni vema, lakini kitu chenyewe kingali kwako. Padri katika maungamo atakuambia ukirudishe, ukiweza. Zakayo, mkubwa wa watoza kodi wa Yeriko, Yezu alipoingia nyumbani mwake, hakuimba wimbo. Alisimama akahesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Bila shaka watu wengine wa Yeriko walifanya hesabu zao usiku ule kwa furaha.

Mchele ule wa mwaka 2007 haukufika sokoni. Haukupimwa kwa kopo, haukutiwa katika sufuria. Watoto ambao wangaliula ni watu wazima sasa, wengine wana watoto wao wenyewe, na hakuna hata mmoja anayeweza kujua kama yeye alikuwamo katika hesabu.