Protini Inayojipima Yenyewe

Mgonjwa wa distrofia ya mayotonia hukunja ngumi akashindwa kuifungua upesi. Chanzo kiligunduliwa mwaka 1992: katika kromosomu ya 19, ndani ya jeni iitwayo DMPK, herufi tatu CTG hurudiwa mno. Kwa mtu mwenye afya marudio hayo kwa kawaida hayafiki 40. Kwa mgonjwa huzidi 50, na pengine hufikia maelfu.

La ajabu ni kwamba madhara makubwa hayatokani na protini ya jeni hiyo bali na RNA yake, ambayo husalia katika kiini cha seli na kuzinasa protini za MBNL kama ulimbo unavyonasa ndege. Kazi ya MBNL1 ni kuongoza ukataji na uungaji wa RNA nyingine, ikiwamo ile ya protini ya kupitishia kloridi katika utando wa msuli. Ikiadimika, kloridi haipiti ipasavyo, na msuli hukawia kulegea.

Hata hivyo, MBNL1 hujipima. Ikiwa tele, huishika RNA yake yenyewe na kusababisha eksoni ya 5, yenye nyukliotidi 54, iachwe nje. Ikipungua, eksoni hiyo hubakizwa, na protini itokanayo nayo huelekea zaidi kwenye kiini cha seli, palipo na upungufu. Huko ndiko uliko ulimbo, na protini hiyo mpya nayo hunaswa.