Klabu za Soka Zisiwe za Mchezo Mmoja

Mwaka 1963, mwaka ule ule nchi hii ilipojipatia uhuru wake, ligi ya kwanza ya taifa ya kandanda ilitwaliwa na Nakuru All-Stars. Haikuwa timu ya Nairobi wala ya Mombasa, bali ya Nakuru. Ukiwauliza wanafunzi wa shule za huko leo, wengi watakutazama kana kwamba unawasimulia ngano. Wala hawastahili lawama. Timu hiyo ilififia, ikasahauliwa, kisha ikafufuliwa na kupanda hadi ligi kuu mwaka 2015, ikashushwa daraja msimu huo huo.

Si hiyo pekee. Kandokando ya Ziwa Naivasha, kampuni ya maua ya Oserian iliunda timu iliyowashangaza vigogo wa soka, ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Haukupita muda mrefu timu ikatoweka katika ligi kuu. Mashamba yalibaki na wafanyakazi wakabaki, na watoto wao wakaendelea kukimbia pembezoni mwa ziwa, lakini klabu haikuwaachia chochote cha kuchezea.

Aghalabu tunapozungumzia maanguko ya namna hii huwa tunalaumu ukosefu wa wafadhili. Fedha ni kweli hazitoshi. Hata hivyo, naona kuna sababu nyingine ambayo hatuitaji. Klabu zetu nyingi si klabu hasa, bali ni timu. Zina wanaume ishirini na watano, mkufunzi, meneja wa timu na mwenye mfuko. Mwenye mfuko akichoka, hakuna mama wala kijana wa mtaani atakayesema kuwa amenyang'anywa kilicho chake, kwa sababu hakuwahi kupewa chochote zaidi ya nafasi ya kushangilia.

Tazama jinsi wenzetu wa Ujerumani walivyoanza. Katika mji wa Leverkusen, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa cha Bayer waliiandikia kampuni barua wakiomba wasaidiwe kuanzisha chama cha michezo. Chama kikazinduliwa mwaka 1904. Mchezo wake wa kwanza haukuwa soka, bali mazoezi ya viungo. Soka ilifuata baadaye. Leo dunia inaijua Bayer Leverkusen kwa kandanda, lakini chini ya jina hilo hilo kulilelewa wanariadha, akiwemo Heike Henkel aliyeshinda dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki ya mwaka 1992. Nao Sporting ya Lisbon, klabu ya soka yenye sifa kubwa, ndiyo aliyoikimbilia Carlos Lopes, bingwa wa mbio za marathoni za Olimpiki mwaka 1984. Kampuni ya Leverkusen na ile ya Naivasha zote ziliajiri maelfu ya watu. Tofauti ni kuwa kule waliodai michezo ni wafanyakazi wenyewe, nao wakaidai kwa ajili yao na jamaa zao.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, jina hutangulia na matendo yakasuasua. Klabu mbili kuu za Dar es Salaam, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, zote hujiita klabu za michezo, wala si za mchezo. Zimepiga hatua ya kuwa na timu za wanawake, jambo la kupongezwa, lakini hata hao wanawake wamepewa soka ile ile.

Linalonikera zaidi ni hali ya wanafunzi wetu. Katika shule za upili za Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Nyahururu, msichana hufundishwa mpira wa wavu, mpira wa pete, mpira wa mikono na magongo. Hushiriki mashindano ya wilaya na ya mkoa, kama tulivyozoea kuyaita, na pengine akafika ya kitaifa. Kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne, akarejea kijijini, na siku hiyo michezo yake ikafa. Walio wachache huchukuliwa na timu za benki, za magereza na za polisi, nyingi zikiwa Nairobi. Waliosalia huambiwa kuwa uwanja wa karibu ni wa timu ya soka ya wanaume, na wao wakae pembeni watazame. Mwalimu aliyempa miaka minne ya jasho lake, bila malipo ya ziada, huyaona matunda yakiozea mtini.

Nitaambiwa kuwa klabu isiyoweza kuwalipa wachezaji wake nauli haiwezi kubebeshwa mizigo mingine. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Barcelona huendesha mpira wa vikapu na wa mikono kwa sababu soka yake huingiza mabilioni. Wa kwetu hawana hata milioni. Lakini mpira wa wavu unahitaji nguzo mbili, wavu, mpira na kipande cha ardhi kilichosawazishwa. Mbio za nyika, katika eneo lililomlea Samuel Wanjiru wa Nyahururu, bingwa wa marathoni wa Olimpiki mwaka 2008, zahitaji hata kidogo zaidi ya hapo. Ghali ni uwanja, na uwanja klabu tayari zinautumia saa chache tu kwa juma.

Nakuru yenyewe si mgeni wa jambo hili. Wachezaji wa raga wa mji huo, waliotwaa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014, wana makao yao katika klabu ya Nakuru Athletic, ambayo jina lake halikufungwa kwenye mchezo mmoja. Ulinzi Stars, mabingwa wa ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, waliutumia uwanja wa Afraha kwa miaka mingi, nao ni tawi moja tu la jeshi lenye timu za vikapu, wavu na riadha. Bahati mbaya, matawi hayo mengine hayakuhamia Nakuru pamoja nao.

Sasa Afraha imekuwa ikijengwa upya kwa fedha za umma. Kabla ya kaunti kuikabidhi klabu yoyote ratiba ya uwanja huo, walimu wa michezo wa shule za karibu wangefaa waombe kikao na kuuliza maswali mawili: ni saa ngapi kwa juma zitatengewa wasichana waliomaliza shule, na nani atashika ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo.