André Yav na kitabu cha maboyi ba Elisabethville

Saa kumi na mbili ya asubuhi, ku Golf, utaona bapishi, bayaya ba kulea batoto na basentineli banaingia mu maparseli ya batajiri. Mu nyumba kubwa namna ile banasikiaka mambo mingi, lakini nani anabaulizaka? Mwaka 1965, André Yav hakungoja kuulizwa.

Mwaka ule, kwa jina la chama cha maboyi ba zamani, alitunga kitabu kidogo chenye kuitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni Kifaransa, ndani ni Kiswahili chetu. Na si kamusi hata kidogo! Ni historia ya muji, tangu Msiri na kufika kwa bazungu, yenye kusimuliwa na bale benye balikuwa banabapikia na kubafulia.

Union Minière ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, tangu 1957. Batata bengi balilisoma mu kambi. Maboyi bao balipiga maandishi kwa mashini ya kuandikia, kisha kutoa makopi. Ni kazi ile ile bijana ba Marekani balianza mu 1930 na vijarida vyao vya hadithi za kisayansi, vyenye kuitwa fanzini tangu 1940. Bale baliwaza safari za ku nyota na viumbe vya ajabu.

Yav naye iko na viumbe vyake, ila yeye hakusema ni hadithi ya kutunga: simba bulaya, bale tunaitaka batumbula, benye kukamata batu usiku. Unacheka? Uliza kambo wako kama balimuacha atembee peke yake mu giza. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, mu kitabu chake cha 2000, hakucheka: mu habari za namna hii alisikia batu banasema juu ya kazi, mushahara na woga wa mukubwa.

Heshima ilikawia, tena ilitoka mbali. Johannes Fabian, mwenye alifundisha ku université ya hapa miaka ya 1970, alipata kopi. Kuisoma kwa macho kulikuwa mateso: maneno yameshikana, pengine neno moja limekatwa mara mbili. Njo Kalundi Mango akaisoma yote kwa sauti, na maneno yakafunguka. Mu 1990, miaka 25 nyuma, kitabu kikatoka Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina la André Yav mbele, ku gamba.

Bei yake, kwa kweli, ni ya maktaba za bazungu, si ya mufanyakazi wa mugodi. Bahati, maandishi yenyewe yamewekwa bure ku intaneti. Ukiyapata, ita bakubwa ba nyumba bakae karibu, na usome kwa sauti. Kwa macho peke yake utachoka ku ukurasa wa kwanza.