Kidonge cha kukesha hakilali kwa niaba yako

"Mama, hakuna kidonge cha kuumaliza usingizi kabisa?" Wavuvi wa Zongwe, kando ya Ziwa Tanganyika, huniuliza hivi wakitoka ziwani asubuhi, macho mekundu. Ni swali la haki. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua, na uvuvi wa ndagala nao ni kazi ya usiku. Giza likiingia taa huwashwa juu ya maji ya Tanganyika, samaki huufuata mwanga, wavu huvutwa tena na tena mpaka kunakucha. Baada ya hapo kuna kuanika, kuuza na kushona nyavu zilizochanika. Usingizi hupewa muda uliobaki, kama umebaki.

Jibu langu huwa hili: dawa ya kukesha ipo siku nyingi. Dawa ya kufanya kazi ya usingizi haipo.

Tukiwa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai huvikalia vipokezi ambavyo adenosini ilipaswa kuvigusa. Uchovu unabaki palepale, ila hausikiki. Dereva aliyefunika mshale wa mafuta kwa kitambaa hakuongeza hata tone ndani ya tangi.

Dawa kali zaidi zina historia ndefu. Amfetamini na jamii yake zilitumiwa na majeshi katika Vita Vikuu vya Pili ili askari wasisinzie, nazo huleta uraibu. Modafinili ilitengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1970, na mwaka 1998 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa narkolepsi, watu wanaozidiwa na usingizi ghafla wakiwa katikati ya shughuli. Mwaka huohuo wa 1998 watafiti waligundua oreksini, kemikali ya ubongo inayotufanya tubaki macho, na baadaye ikajulikana kwamba wagonjwa wengi wa narkolepsi wamepungukiwa nayo. Dawa zinazoiga oreksini zimejaribiwa kwa wagonjwa hao. Lengo lake ni kumrudishia mgonjwa kile alichopoteza. Kumfutia mtu mzima wa afya usiku wake ni jambo jingine kabisa.

Ugumu ni kwamba kazi yote ya usingizi bado haijafahamika. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, miaka ya 1980, panya walionyimwa usingizi walikufa baada ya wiki kadhaa, ingawa walikula kuliko kawaida. Mwaka 2013 kundi la mtafiti Maiken Nedergaard lilitangaza kwamba panya anapolala, majimaji husafisha taka za ubongo wake kwa kasi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wengine wakapinga, wakasema vipimo vyao vimeonyesha kinyume. Kama mabingwa bado wanabishana juu ya kazi inayofanyika usiku, nani atatengeneza kidonge cha kuifanya badala yake?

Sisi wa mashariki ya Kongo tuna ushahidi wa karibu zaidi wa thamani ya usingizi: malale. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o, na vikifika kwenye ubongo huvuruga saa ya mwili. Wengi hudhani mgonjwa analala kupita kiasi. Wataalamu waliopima usingizi wa wagonjwa mchana na usiku wamekuta kwamba jumla ya saa haizidi sana ya kawaida, ila mpangilio wake ndio umevunjika. Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa na mume wake. Usiku alizunguka uani akiongea peke yake. Mchana, nikiwa nimeketi mbele yake, kijiko cha uji kilimponyoka mkononi kabla hakijafika mdomoni. Malale yasipotibiwa huua, na kabla ya kuua humnyang'anya mtu akili na utu wake. Aliyemwona mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuuita usingizi muda wa bure.

Na hapa ndipo dawa imefanya jambo kubwa. Zamani tulikuwa na melarsoprol, sindano yenye arseniki, iliyochoma mishipa na kuua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2018 ikaidhinishwa feksinidazoli, vidonge vya kumeza kwa siku 10, baada ya majaribio yaliyofanyika zaidi hapa Kongo yakiongozwa na daktari wetu Victor Kande. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliripotiwa Afrika. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo dawa ya usingizi ninayojivunia, ile inayomrudishia mtu usiku wake.

Kwa hiyo wavuvi nawaambia hivi. Kahawa inywe mwanzoni mwa usiku, usiiguse alfajiri, la sivyo itakunyima usingizi wa mchana. Ndani ya mtumbwi pokezaneni, mmoja ajinyooshe wakati mwenzake anaangalia taa. Ukifika nyumbani lala kwanza, chumbani penye giza, ndani ya chandarua, na wa nyumbani wakuheshimu kama wanavyomheshimu anayelala usiku. Mbalamwezi inapozidi taa na samaki wakatawanyika, usitafute kibarua kingine cha usiku: lipa mwili wako. Vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni kwa moja moja usivimeze. Mtu aliyelewa kwa kukosa usingizi hutumbukia majini kama aliyelewa pombe.

Na ukimwona ndugu yako anasinzia mchana, anakesha usiku, ana homa zisizoisha na tabia imembadilika, usimwite mvivu wala usiseme amerogwa. Mpeleke akapimwe malale. Dawa yake hutolewa bure.