Ubainishaji wa Banakali na Kombe katika Ghuba ya Chwaka, Unguja

1.0 Utangulizi

Ghuba ya Chwaka, iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja, imezungukwa kwa sehemu na mikoko, na ina uwanda mpana wa mchanga, tope na nyasi bahari unaobaki wazi maji yanapokupwa. Wakati wa bamvua, wanawake huchokoa kombe katika uwanda huo kwa kitoweo na kwa kuuza. Jina kombe hutumika kwa mapana. Hata banakali, yaani wanyama wadogo wenye ganda la umbo la pia wanaojigandisha kwenye miamba, mizizi ya mikoko na vyombo vya baharini, huweza kudhaniwa kuwa jamii ya kombe. Makala hii inafafanua viashirio vinavyotenganisha makundi hayo.

2.0 Banakali

Ganda la banakali liliwahi kuwapotosha hata wataalamu. Georges Cuvier aliwaainisha miongoni mwa moluska. Mwaka 1830, John Vaughan Thompson alionesha kuwa lava wao huogelea na wana miguu yenye pingili. Hivyo ni krustasia, kundi la kaa na kamba. Charles Darwin aliwachambua kwa kina katika juzuu alizochapisha mwaka 1851 na 1854.

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kuhesabu mabamba ya ukuta. Jenasi ya Tetraclita ina mabamba 4, ilhali Amphibalanus na Chthamalus zina 6. Jenasi hizi mbili hutenganishwa kwa bamba la rostra: katika Amphibalanus kingo zake hufunika mabamba jirani, na katika Chthamalus hufunikwa nayo. Hata hivyo, ukuta wa banakali mzee hulika na viungo vyake hufutika. Hapo hutegemewa vifuniko vya tundu la juu, ambavyo hudondoka mnyama anapokufa. Kwa hiyo, ganda tupu lisipewe jina la spishi pale vifuniko vinapohitajika kuithibitisha.

3.0 Kombe

Anadara antiquata ana magamba mawili mazito yenye matuta yanayotoka kileleni. Gafrarium naye ana matuta, hivyo sura ya nje haitoshi. Bawaba ndiyo huamua: ya Anadara imenyooka na ina safu ya meno mengi madogo, ilhali ya Gafrarium ni fupi na ina meno machache makubwa. Aidha, nyama ya Anadara huwa na wekundu utokanao na himoglobini. Chaza wa miamba, Saccostrea cucullata, hugandisha gamba lake la kushoto kwenye mwamba au mzizi. Ndani ana alama moja ya msuli. Anadara ana mbili.

4.0 Hitimisho

Ubainishaji huu una uzito katika usimamizi wa rasilimali. Endapo mavuno yote yataandikwa kwa jina moja la kombe, kupungua kwa Anadara kunaweza kufichwa na wingi wa Gafrarium, na jumla ikaonekana haijabadilika huku kitoweo kinachotegemewa kikitoweka. Hivyo basi, kumbukumbu za mavuno zinapaswa kuandika jina la wenyeji sambamba na la kisayansi, na kuhifadhi gamba moja la kila aina likiwa na bawaba kamili, ili utambuzi uweze kuhakikiwa upya.