Kabati ya jikoni Kamina: kabla ya kutoa avansi, uliza mbao ilikauka wapi

Wengi kati yenu wenye kusoma ukurasa huu muko Kolwezi, Fungurume ao Likasi, lakini nyumba yenye munajenga iko Kamina. Mushahara ukiingia, ao mzigo ukiuzwa vizuri ku depo, munaanza na bati, kisha sima ya chini, kisha milango. Siku moja mama ao bibi anapiga simu: "Na jikoni je? Masahani yangu ingali chini." Hapo njo maneno ya menizie inaanza.

Nyumbani kwetu tulikosea mara ya kwanza, na tunaandika haya ili ninyi musirudie kosa letu. Yaya wetu mwenye anafanya kazi Kolwezi alitumiwa picha tatu kwenye simu. Akachagua ile yenye kung'aa, akatuma feza yote mara moja. Fundi akaanza kazi mwezi wa pili, katikati ya mvua. Mwezi wa tatu kabati ikasimama, nzuri, na verni yake. Lakini mwezi wa saba, kiangazi kilipokaza, milango miwili ikajipinda, na kati ya mbao na mbao kukawa nafasi ya kupitisha kidole. Panya wakapata njia ya kuingia mu unga. Tulipomwita fundi, alijibu: "Mama, mbao njo iko vile. Haina kosa yangu." Feza ilikuwa imekwisha kulipwa yote. Hatukuwa na kitu cha kumshika nacho.

Nusu ya jibu lake lilikuwa kweli. Mti wenye umekatwa juzi umejaa maji, na mbao ikikauka inapungua. Haipungui kwa urefu, inapungua kwa upana. Mbao pana ya sentimetre 30, kama ingali mbichi, inaweza kupoteza sentimetre moja ao zaidi. Huku kwetu mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na kuisha karibu mwezi wa nne, kisha hewa inakauka miezi mingi. Kabati yenye ilitengenezwa na mbao mbichi wakati wa mvua lazima itaonyesha siri yake kiangazi. Kosa la fundi lilikuwa kutumia mbao kabla haijakauka. Kosa letu lilikuwa kulipa yote kabla kiangazi hakijapima kazi yake.

Wachimbaji wanaelewa jambo hili kuliko watu wengine. Ukifikisha mzigo Musompo, mnunuzi haangalii kilo peke yake. Anapima teneri na mashine ya Metorex, halafu anakata kilo za maji. Hata ukikasirika, anakata, kwa sababu hakuna mtu mwenye kukubali kulipa maji kwa bei ya shaba. Basi, juu ya nini sisi tulipe maji kwa bei ya mbao?

Mara ya pili mama alikataa picha. Alisema: "Miye njo napika, miye njo nitaenda kuona." Tukamfuata mu ateliye tatu.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Alitaja bei ndogo kuliko wote, na akaahidi kumaliza kwa wiki mbili. Simu yake ilijaa picha za jikoni nzuri sana, lakini tulipouliza ni ya nyumba gani hapa Kamina, akacheka. Picha zilitoka mu intaneti. Mbao zake zilikuwa zimelala chini, moja juu ya nyingine, na ukigusa katikati unasikia baridi ya maji.

Wa pili anatumia melamini, zile plake nyeupe zenye kukatwa na kupigwa visi. Kazi yake iko safi, milango inafunga sawasawa, na plake hizo hazijipindi kama mbao mbichi. Lakini mama aliuliza swali moja: "Nikimwanga maji chini, itakuwa je?" Ndani ya plake ile muko vumbi ya mbao yenye kushikwa na kole. Pembeni yake ikinywa maji inavimba, na ikivimba hairudi. Kwa nyumba yenye robine na mabomba mazuri inafaa. Kwetu, maji inaingia mu bidoni na ndoo, na kila siku yanamwangika.

Wa tatu ni mzee. Kamina ni mji wa reli: tangu 1928 treni ya kutoka Lubumbashi inapita hapa kwenda Ilebo, na tangu 1956 njia ya Kabalo inaachana nayo hapa hapa. Mzee huyu alifundishwa kazi na baba yake, menizie wa reli. Mbao zake zilipangwa chini ya bati, na kati ya kila mbao kuko vijiti vya kupitisha hewa. Hakuonyesha picha. Alisema: "Twende mukaone." Akatupeleka kwa mama mmoja mwenye alitengenezewa kabati miaka tatu imepita. Tukafungua milango, tukavuta mitoto, tukaangalia chini na nyuma. Mlango mmoja ulikuwa unagusa kidogo, na mzee alisema mwenyewe, kabla hatujauliza, kwamba sharnieri zilikuwa za bei ndogo. Bei yake ilipita ya kijana kwa nusu nzima. Tena alitaka tungoje mpaka mwezi wa nane.

Hapo tulielewa jambo moja. Bei tatu haziwezi kulinganishwa kama vitu vyenye zinalipia haviko sawa. Kwanza weka mafundi wote mbele ya kazi moja: urefu ule ule, idadi ya milango ile ile, mbao ya aina moja na unene mmoja, sharnieri za namna moja. Kila mmoja akuandikie devi yake. Halafu njo bei itasema kitu. Na usiombe picha. Omba kuona kabati yenye imepita kiangazi angalau kimoja, na uongee na mwanamke mwenye kupika mule.

Kwa mbao, kuko vipimo vyenye kila mtu anaweza kufanya. Chukua mbao mbili za mti mmoja na za kipimo kimoja: yenye uzito zaidi ingali na maji. Gonga na kidole: yenye kukauka inalia wazi, mbichi inalia kama imefunikwa. Kama una mashaka, weka kipande kwenye mizani, andika kilo, kiweke kwenye kivuli, rudi kisha wiki moja. Kama kilo imeshuka, mbao haiko tayari. Wazee wa kazi wanahesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimetre 2 na nusu ya unene.

Angalia pia jina la mti. "Mbao nyekundu" haina jina la mti, ni rangi, na rangi inauzwa mu kopo. Kwaruza kidogo na kisu mahali penye hapaonekani. Mulombwa na mupapa ni miti yenye kuvumilia, na mchwa hawaipendi. Kama mtu anakuletea mukula, uliza inatoka wapi: mti huo ulikatwa sana mu Haut-Katanga kwa kupelekwa Uchina, mpaka mu 2019 uliingizwa katika orodha ya CITES, yenye kuangalia biashara ya kimataifa ya miti na wanyama wenye hatari ya kuisha. Na kwa milango mipana, bora kadre ya mbao na tripleksi katikati, kuliko mbao nzima yenye kujipinda.

Jambo lingine tulijifunza kwa mzee. Alimwambia mama: "Simama, kunja mukono." Akapima kutoka chini mpaka kiko cha mkono. Meza ya kukatia mboga inafaa kuwa sentimetre 10 ao 15 chini ya kiko. Lakini mahali pa kusonga bukari panapaswa kushuka zaidi, kwa sababu bukari inasongwa na nguvu ya mabega. Ile kabati yetu ya kwanza ilifuata kipimo cha picha, na mama alikuwa anasongea bukari chini, kando ya kabati ya feza nyingi. Mzee akaongeza: kabati ikae juu ya matofali, isiguse sima, juu ya maji na mchwa. Na mbabula isiingie ndani ya nyumba yenye imefungwa, hata kama jikoni imekuwa nzuri. Moshi mbaya wa makala hauonekani na hauna harufu, na unaua watu wenye wamelala.

Basi feza. Tuliandika karatasi moja, nakala mbili: vipimo, mti, unene, milango, sharnieri, siku ya kumaliza, bei yote. Mashahidi wawili wakatia sinyatire. Karatasi hii si mchezo. Tangu dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, sheria ya inchi yetu inasema mapatano yenye kufanywa sawasawa yanawafunga wenye kuyafanya. Tukagawanya malipo. Avansi ilikuwa ya kununua mbao, na tulienda kuinunua pamoja na mzee. Sehemu ya pili ililipwa kabati iliposimama mu ateliye bila verni, ili tuone maungo yote. Sehemu ya tatu, siku ilifungwa nyumbani. Kidogo kilibaki mpaka kiangazi kipite. Mzee hakukasirika. Alisema: "Fundi mwenye anaogopa kiangazi, anajua kazi yake." Na kila mara yaya alipotuma feza kwa simu, alihifadhi mesaji.

Tunasema pia yenye haikuwa tamu. Feza yetu haikutosha kabati nzima ya mzee. Yaya alikuwa tayari kurudi kwa yule kijana, ili kazi iishe yote na wageni waione. Mama akakataa. Alichagua sehemu ya chini tu, milango mine na mitoto miwili. Ukuta wa juu ungali mtupu mpaka leo, na masahani ya wageni ingali mu kartoni. Jirani mmoja aliuliza kama mtoto wa Kolwezi ameishiwa.

Lakini kiangazi kimepita. Milango inafunga. Unga uko ndani, panya wako nje, na mama anasonga bukari amesimama. Mwezi wa kumi na moja tulimlipa mzee kile kilichobaki, na yaya ameanza kuweka feza kidogo kidogo kwa sehemu ya juu. Mbao yake imekwisha kununuliwa. Inakauka chini ya bati kwa mzee, na jina letu limeandikwa juu yake na makala.