Vitisho vya Picha Mtandaoni na Afya ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa kidato cha pili anafikishwa zahanati kwa maumivu ya kichwa yaliyodumu wiki tatu. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, shinikizo la damu ni la kawaida, na macho yanaona vizuri. Mama anaongeza kwamba mtoto hapati usingizi, chakula kinamshinda, na simu ikilia anashtuka. Mara nyingi mahojiano huishia hapo na mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Swali lililoachwa bila kuulizwa ni kama kuna mtu anayemtishia kupitia simu hiyo.

Utafiti uliofanywa nchini Tanzania na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa wazi wa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja uliotangulia. Ukatili huo ni pamoja na kutishiwa, picha zao kusambazwa bila ridhaa, au kurubuniwa kwa fedha na zawadi. Katika kundi la wanafunzi 50 wenye kutumia intaneti, hao ni wawili. Si wasichana peke yao. Mwaka 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitahadharisha kwamba waliolengwa zaidi na vitisho vya picha vyenye nia ya kupata fedha walikuwa wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mhudumu anayewauliza wasichana tu atawakosa wengi.

Picha hufika mikononi mwa mhalifu kwa njia mbili kuu. Ya kwanza inafahamika: kijana humtumia mtu anayemwamini, au mtu anayejifanya kuwa kijana mwenzake. Ya pili huzungumzwa kidogo sana shuleni, nayo ni wizi wa akaunti. Mfano wake ulioenea zaidi unahusu WhatsApp. Mhalifu huandika namba ya mwanafunzi katika simu yake mwenyewe, na mfumo hutuma tarakimu sita kwa mwenye namba ili kuthibitisha. Ndipo ujumbe unapoingia kutoka kwa rafiki, ambaye akaunti yake imekwisha kuibwa: “Samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, nirudishie.” Tarakimu zikitolewa, mwenye akaunti hutolewa nje papo hapo. Mwizi haoni mazungumzo ya zamani, lakini huona makundi ya darasa, ya familia na ya kanisa au msikiti, na huweza kuandika humo kwa jina la mwanafunzi. Orodha ya watu ambao kijana anaogopa waone picha yake huwa tayari mkononi mwake.

Akaunti ya baruapepe ni hatari zaidi, kwa kuwa simu nyingi huhifadhi humo nakala ya picha zote, hata zile ambazo mwenyewe amezifuta kwenye mazungumzo. Nywila moja inayotumika kila mahali huufungua mlango huo. Vijana wengine hupeana nywila kama ishara ya mapenzi, na mapenzi yakiisha nywila hubaki ileile. Kompyuta ya maabara ya shule au ya duka la intaneti nayo ina hatari yake: WhatsApp ikifunguliwa humo na kuachwa bila kutoka, anayeketi baadaye husoma kila kitu, hata kama simu imezimwa. Kwa kulinganisha, hofu kubwa waliyo nayo wazazi juu ya Wi-Fi za bure imezidi kiasi, kwani tovuti na programu nyingi za sasa hufunga kwa siri mawasiliano yanayopita njiani. Akaunti nyingi huibwa kwa sababu mwenyewe ameutoa ufunguo.

Kinga yake haihitaji fundi. Katika mipangilio ya WhatsApp ipo sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo mwenye akaunti huchagua tarakimu sita za siri. Mwizi akipata zile zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, bado atakwama hapo. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa huonyesha kompyuta iliyosahaulika, nayo huondolewa kwa kubonyeza mara moja. Akaunti iliyokwisha kuibwa hurejeshwa kwa kujisajili upya kwa namba ileile, na mwizi hutolewa. Ikiwa yeye ndiye aliyeweka tarakimu za siri, mwenyewe husubiri siku saba kabla ya kuingia.

Vitisho vikishaanza, kinachompa mhalifu nguvu ni ukimya wa kijana. Kijana hunyamaza kwa kuwa anajua, au anadhani, kwamba akisema atanyang’anywa simu na kuchapwa. Kwa hiyo mhudumu huomba kuzungumza naye faragha, mzazi akisubiri nje, na hueleza kwanza kwamba mwenye kosa ni anayetishia. Kulipa hakusaidii: malipo ya kwanza humwonyesha mhalifu kwamba fedha zipo. Ujumbe wa vitisho usifutwe. Nakala za mazungumzo zenye namba, majina ya akaunti na tarehe zihifadhiwe, kisha ndipo mhalifu azuiwe. Picha yenyewe mhudumu asiombe kutumiwa wala asiihamishe kwenye simu yake, hata kwa nia njema, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza usambazaji wa picha za ngono za watoto.

Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha NCMEC. Simu ya kijana huikokotoa picha na kupata mfuatano wa herufi na tarakimu ulio wa picha hiyo tu, mfano wa alama ya kidole. Mfuatano huo ndio unaopelekwa. Picha haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huutumia kuitambua picha na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa siri kama ya WhatsApp, na kijana aambiwe hivyo mapema asije akakata tamaa.

Taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa simu ya bure 116 ya huduma kwa mtoto. Katika baadhi ya hospitali vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo matibabu, ushauri nasaha na polisi hupatikana mahali pamoja.

Kabla kijana hajaondoka, aulizwe waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wahudumu wengi huliogopa swali hili, ilhali tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza hupandikiza wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, apewe rufaa siku hiyohiyo, na mzazi aombwe kuondoa nyumbani viuatilifu vya shamba na dawa zilizobaki. Asiyekuwa katika hatari hiyo apangiwe kurudi ndani ya wiki moja, kwani mhalifu aliyezuiwa kwenye namba moja hurejea kwa nyingine.